Daktari wa Akili, Mwanasaikolojia na Mshauri Nasaha: Nani ni Nani?

Mwaka juzi kikundi kimoja cha marafiki wetu wa Ulaya kilituandikia kwamba kingependa kugharamia, kwa mwaka mzima, mtaalamu mmoja wa kuwahudumia watu wenye huzuni na msongo wa mawazo katika parokia zetu za Tabora mjini na Uyui. Katika barua yao walitumia neno "therapisti". Hapa ofisini Mtendeni barua ile ilitafsiriwa haraka haraka, kwa kuwa kikao cha kamati kilikuwa kesho yake, na neno lile likaandikwa "tabibu".

Kamati ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Ilitafuta tabibu, ikampata: kijana mwenye stashahada, aliyezoea kutibu malaria, vichomi na kuharisha katika zahanati. Alipoelezwa kwamba kazi yake itakuwa kukaa na mtu mmoja kwa muda wa saa nzima akimsikiliza, na kurudia hivyo wiki baada ya wiki, alituangalia kwa mshangao. Akasema kwa unyoofu kwamba hilo hakufundishwa. Barua nyingine mbili zilivuka bahari kabla hatujaelewana na wafadhili, na miezi mitano ikawa imepotea. Kosa lilikuwa la ofisi yetu, wala si la kamati.

Kisa cha pili hakichekeshi. Mama mmoja, muumini wa moja ya parokia zetu, ana mtoto wa kiume ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akisikia sauti zisizosikika na wengine. Alipoanza kuchomwa sindano ya kila mwezi alitulia, akarudi kwenye biashara yake ya asali. Kisha akatokea mtu katika semina, akajitambulisha kuwa ni "Dokta wa saikolojia", akaiambia familia kwamba dawa zinamlemaza kijana na kwamba mazungumzo peke yake yatatosha. Sindano ikaachwa. Baada ya wiki kama kumi kijana alikutwa akitembea pekupeku kandokando ya reli inayokwenda Kigoma, amekonda, hamtambui hata mama yake. Tulipofuatilia, yule "Dokta" alikuwa na cheti cha semina ya wiki mbili.

Kwa sababu ya visa hivi viwili, kamati nne zimetuomba tueleze katika jarida hili nani ni nani. Tutajaribu.

MGANGA, DOKTA, TABIBU

Tukubali kwanza kwamba lugha yetu yenyewe inatuchanganya. Kiongozi wa huduma za afya katika mkoa huitwa Mganga Mkuu wa Mkoa, na wilayani yuko Mganga Mkuu wa Wilaya. Anayesimamia hospitali ni Mganga Mfawidhi. Hawa ni watu waliosomea utabibu wa hospitali. Lakini mzee wa Kinyamwezi anayeitwa mfumu, anayepiga ramli na kuchimba mizizi, naye ni mganga. Waganga wa tiba asili wanatambuliwa na serikali kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na wana baraza lao la kuwasajili. Usajili huo ni wa tiba asili. Haumfanyi mtu kuwa daktari wa hospitali. Wale wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme wakijiita "Dokta" au "Profesa", wakiahidi kwa namba moja ya simu kurudisha mpenzi, mali na akili iliyopotea, tuwaache hapo hapo kwenye nguzo.

Neno "Dokta" nalo lina milango miwili. Daktari wa hospitali huitwa hivyo. Lakini mtu aliyesoma chuo kikuu hadi shahada ya uzamivu naye huandikwa "Dk." mbele ya jina lake, awe amesomea historia, theolojia au kilimo cha tumbaku. Mtu anaweza kabisa kuwa Dokta halali wa saikolojia, anayefundisha chuo kikuu, na bado asiwe na ruhusa ya kuandika hata kidonge kimoja. Hivyo mkimwona "Dk." kwenye barua ya maombi, msione haya kuuliza ni Dokta wa nini.

Tabibu, kwa utaratibu wa Tanzania, ni mhudumu wa afya mwenye stashahada ya miaka mitatu, na ndiye mnayemkuta mara nyingi katika zahanati na vituo vya afya. Anaweza kutambua dalili za ugonjwa wa akili, kuanzisha matibabu ya awali na kutoa rufaa. Ni mtu muhimu sana, ila jina lake lisitumike kutafsiri neno la Kizungu kwa sababu tu yanasikika kama yanafanana. Tumeshalipia somo hilo.

DAKTARI BINGWA WA MAGONJWA YA AKILI

Huyu ni daktari kwanza, kisha bingwa. Husoma udaktari miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, akasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na baadaye husoma shahada ya uzamili ya magonjwa ya akili kwa miaka mitatu, kama inavyofundishwa Muhimbili. Hesabu yake ni miaka tisa baada ya kidato cha sita, bila kuhesabu miaka ya kazi katikati.

Kwa nini ni lazima awe daktari wa mwili kwanza? Kwa sababu kichwa kiko juu ya mwili huo huo. Mtu anayeanza ghafla kupayuka usiku akiwa na homa huenda ana malaria kali iliyopanda kichwani, na akipelekwa kwa mshauri badala ya hospitali anaweza kufa kabla ya asubuhi. Sukari ikishuka sana mtu hutenda kama mlevi. Mayai ya tegu wa nguruwe yakifika kwenye ubongo huleta kifafa. Tezi ya shingo, virusi vya UKIMWI, pombe iliyoachwa ghafla na mnywaji wa miaka mingi, vyote vinaweza kubadili akili ya mtu. Daktari bingwa anatakiwa kuyachuja hayo yote kabla ya kusema kwamba huu ni ugonjwa wa akili.

Yeye anaweza kuandika dawa, kulaza mgonjwa na kuandika taarifa kwa ajili ya mahakama. Dawa zenyewe si za kubahatisha. Amitriptilini ya sonona huchukua wiki mbili au zaidi kabla mgonjwa hajaona nafuu, na wengi huiacha katika wiki ya kwanza wakidhani haifai. Haloperidoli huweza kukaza shingo, kutetemesha mikono au kumfanya mtu ashindwe kutulia. Familia ikiona hivyo huogopa na kusema amerogwa upya, wakati kuna kidonge cha kupunguza hali hiyo, na kipimo cha dawa chaweza kubadilishwa. Dawa ya kifafa iitwayo fenobabitoni ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege mfululizo zisizokatika, na hapo uhai uko hatarini. (Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, lakini kwetu wagonjwa wake wengi huhudumiwa katika kliniki hizo hizo za afya ya akili.) Kwa hiyo mtu yeyote asiye daktari akimwambia mgonjwa aache dawa, awe amevaa suti au kanzu, kamati imkatalie.

Mabingwa hawa ni wachache mno. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na wengi wa mabingwa wa akili wako katika hospitali kubwa za miji mikubwa. Kamati isiyokuwa na habari hiyo huandika katika mpango wake "kuajiri daktari bingwa wa akili wa parokia", na mfadhili akisoma hujua mara moja kwamba waandishi hawajafanya utafiti.

MIREMBE SI TUSI

Hapa tunachepuka kidogo. Hospitali ya Lutindi, kule Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kilutheri mwaka 1896 kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye ikageuzwa kuwa makazi ya wagonjwa wa akili. Bado inafanya kazi hiyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927, na leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Zanzibar wana Kidongo Chekundu. Sisi wa Tabora tuna mtaa wenye jina hilo hilo, na mgeni kutoka Unguja aliwahi kuduwaa alipoambiwa na dereva wa bodaboda kwamba yeye kwao ni Kidongo Chekundu!

Majina haya yamegeuzwa kuwa matusi ya watoto. "Huyo ni wa Mirembe." Matokeo yake, mama anaona afadhali amfungie mwanawe chumba cha nyuma kwa kamba au mnyororo kuliko asikie jirani akisema hivyo. Tangu mwaka 1980, kwa majaribio yaliyoanzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, Tanzania imejaribu kuipeleka huduma hii karibu na watu, ili si kila mgonjwa apandishwe treni kwenda Dodoma. Kwa mkazi wa Mtendeni, mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Dodoma na Bugando, Mwanza, ni hatua za mbele zaidi, kwa wale wanaohitaji.

Na katika milango hiyo mtu mtakayemkuta mara nyingi si daktari bingwa. Ni muuguzi wa afya ya akili, aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambaye juu ya uuguzi wa kawaida amejifunza kuwahudumia wagonjwa hawa. Ndiye anayechoma sindano ya mwezi, anayejua nani hakuja kliniki, anayemwita mama kando na kumuuliza kama kijana analala usiku. Kwa maoni ya mwandishi, katika mipango ya parokia nyingi huyu ndiye anayesahauliwa kuliko wote na anayestahili kuungwa mkono kuliko wote.

MWANASAIKOLOJIA

Saikolojia ni elimu ya fikra, hisia na mwenendo wa binadamu. Mtu akimaliza shahada ya kwanza ya saikolojia anaweza kufanya kazi shuleni, kwenye utafiti au katika ofisi ya waajiriwa, lakini hajawa mtaalamu wa kutibu. Anayetibu ni mwanasaikolojia tiba, ambaye ameendelea na shahada ya uzamili na kufanya mazoezi kwa wagonjwa chini ya msimamizi. Muhimbili wanatoa shahada hiyo.

Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Huko Marekani majimbo machache, likiwemo New Mexico tangu mwaka 2002, yameruhusu wanasaikolojia waliosomea ziada kuandika dawa, lakini hiyo ni nadra duniani. Chombo chake ni mazungumzo yenye utaratibu. Wengi wetu tukisikia "mazungumzo" tunafikiri ni kupewa mawaidha. Sivyo. Tuseme mama amefiwa na mtoto, na miezi minane sasa haendi shambani wala kwenye jumuiya, anajiona yeye ndiye aliyemuua kwa kuchelewa kumpeleka hospitali. Mtaalamu hamwambii "jipe moyo". Anamsaidia kulieleza wazo lile kwa maneno, kulipima kama hakimu apimavyo ushahidi, na kupanga naye jambo moja dogo la kufanya kabla ya kuonana tena: kwenda kisimani pamoja na shemeji yake siku ya Jumatano, kwa mfano. Wiki ijayo wanaanza kwa kuuliza Jumatano ilikuwaje. Vikao vina idadi, vina siri, na vina mwisho. Njia hii ya kupima fikra na kubadili mwenendo ilijengwa miaka ya 1960 na Aaron Beck wa Philadelphia, ambaye, kwa taarifa yenu, alikuwa daktari bingwa wa akili. Kumbe mipaka hii haina ukuta: daktari bingwa anaweza kutibu kwa mazungumzo, ila foleni ya kliniki haimpi nafasi.

Sasa neno la wafadhili wetu, "therapisti", linasimama wapi? Ni neno pana. Kwao linaweza kumhusu mwanasaikolojia tiba, mshauri, hata mtaalamu wa viungo. Nchi zenyewe hazilingani. Ujerumani ina sheria, iliyoanza kutumika Januari 1999, inayolinda jina la mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, na asiyesomea haruhusiwi kulitumia. Uingereza inalinda jina la mwanasaikolojia tiba, lakini mshauri halindwi na sheria namna hiyo. Jirani zetu Kenya walitunga Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014, wakaunda bodi ya kuwasajili. Mfadhili wa Köln na mfadhili wa Manchester wakitumia neno moja huenda wanamfikiria mtu tofauti. Tunawaomba wafadhili wetu watuandikie kazi wanayotaka ifanyike, nasi tutatafuta jina lake.

MSHAURI NASAHA

Neno "ushauri nasaha" lilienea nchini kwa njia ya UKIMWI. Vituo vya Angaza vilipoanza mwaka 2001, watu walijifunza kwamba kabla na baada ya kupimwa damu kuna mtu wa kukaa naye. Washauri wale wengi walifundishwa kwa wiki chache, na kazi waliyofanya ilikuwa kubwa. Lakini walifundishwa kazi moja maalumu. Miaka ilivyopita, cheti kile kile kikaanza kutumika kwa ndoa, kwa ulevi, kwa watoto walionajisiwa, kwa skizofrenia. Hapo ndipo palipoharibika.

Msomaji asidhani tunawadharau watu wasio na shahada. Ushahidi mzuri kuliko wote tulio nao Afrika Mashariki unawahusu wao. Mwaka 2002, kusini magharibi mwa Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wa kawaida walifundishwa namna ya kuongoza vikundi vya wagonjwa wa sonona waliokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Mwishoni, katika vijiji vyenye vikundi, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5; katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa asilimia 54.7. Baadaye, Moshi na Bungoma, watoto 640 waliofiwa na wazazi waliingizwa katika utafiti ambao wahudumu wake walikuwa, kwa lugha yetu ya kanisani, walei. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2020, yalikuwa mazuri kuliko huduma ya kawaida huko Bungoma na katika vijiji vya Moshi, ingawa Moshi mjini tofauti hiyo haikuonekana.

Angalieni wale walei walikuwa na nini. Walifundishwa njia moja, kwa tatizo moja. Walikuwa na msimamizi aliyekutana nao mara kwa mara kusikiliza walivyofanya. Aliyekuwa na hali nzito hakuachwa mikononi mwao. Na hakuna aliyejiita Dokta. Yule wa semina tuliyemtaja hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

WENGINE

Ofisa ustawi wa jamii hushughulika na familia, matunzo ya watoto, ugomvi wa nyumbani na wagonjwa wasio na ndugu; yuko halmashauri na hospitalini. Mtaalamu wa tiba kazi, ambaye chuo chake kiko KCMC Moshi, humrudisha mgonjwa kwenye kupika, kulima, kufua na kushika jembe tena.

Padre, mchungaji, katekista na shehe husikiliza zaidi ya wote hawa, na hawalipwi kwa hilo. Watu wetu huanza kwao, au kwa mfumu, kabla ya kufika hospitali, na kuwakemea hakujasaidia. Tunachoomba ni vitu viwili: dawa za hospitali ziendelee wakati wa maombi, na asiwepo wa kufungwa kamba au kunyimwa chakula kwa jina la kuombewa. Viongozi wawili wa dini hapa mjini wameshaanza kuandika namba ya simu ya muuguzi ndani ya jalada la kitabu chao cha ibada.

KAMATI IULIZE NINI

Mkipata ombi la mtu anayetaka kuhudumu, muulizeni amesomea nini, chuo gani, kwa muda gani, baraza gani limemsajili, na nani anamsimamia kazini. Cheti halisi mkione, msipokee kivuli chake peke yake. Mwenye sifa hakasiriki akiulizwa. Tumeona hivyo mara nyingi. Halafu ulizeni swali ambalo kamati husahau: akikutana na mgonjwa anayemzidi uwezo, atampeleka kwa nani? Asiyekuwa na jibu la swali hilo asipewe chumba cha parokia.

Kuhusu zile fedha za marafiki wetu wa Ulaya, walikubali mpango ubadilishwe. Sehemu moja inalipa nauli na posho ya muuguzi wa afya ya akili kufika parokia za nje ya mji mara mbili kwa mwezi. Nyingine itagharamia mwanasaikolojia tiba kuja kwa siku tano kila robo mwaka, kuwafundisha na kuwasimamia walei kumi na wawili waliochaguliwa na jumuiya zao. Wa kwanza wamekwisha kuchaguliwa. Saba ni akina mama. Kiasi kidogo kimewekwa kwa mhazini kwa ajili ya nauli ya wagonjwa siku ya kliniki, na daftari lake linakaguliwa kila mwezi.

Yule kijana wa asali amerudi kwenye sindano. Ilichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza kabla hajatulia, na mizinga yake kadhaa iliibwa alipokuwa mgonjwa. Mama yake huja naye kliniki, na jina lao limo katika daftari la mhazini: nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi.